Windows, Mac na Linux kwenye rauta moja: njia nne za kupitishiana faili, na jinsi kila moja inavyogoma

Nyumba nyingi za Kampala, Jinja au Arua siku hizi zina kompyuta zisizofanana: laptopu ya Windows ya ofisini, MacBook iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na laptopu kuukuu ambayo mwanafunzi ameiwekea Ubuntu au Linux Mint baada ya Windows kuilemea. Zote zinakula intaneti ya rauta moja. Lakini faili ikitoka mashine moja kwenda nyingine, inapitia WhatsApp: inapanda hadi seva za ng'ambo, inashuka tena, na bando linakatwa mara mbili kwa safari ya upana wa meza.

Njia nne zinafaa kulinganishwa hapa: folda ya pamoja kwa SMB (itifaki ya kushirikisha folda kwenye mtandao), SFTP (ya kuhamisha faili) inayopita ndani ya SSH (muunganisho uliosimbwa wa kuingia kwenye mashine nyingine), na programu mbili: Syncthing inayosawazisha folda, na LocalSend inayotuma faili papo kwa papo. Zote ni za bure, zote zinafanya kazi kwenye mifumo mitatu, na faili ikipita moja kwa moja kati ya mashine mbili zilizo kwenye rauta moja bando haliguswi. Kasi nayo haiamui sana, kwa sababu kikomo huwa ni waya au hewa. Poti ya waya ya rauta, ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo video ya GB 4 itachukua kama dakika sita kwa SMB au kwa SFTP. Mashine zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi, kila kipande kinapita hewani mara mbili, kwenda rauta na kutoka rauta, na kasi hushuka karibu nusu.

Tofauti kubwa huonekana njia inapogoma. Chagua ile ambayo ikikwama usiku utajua pa kushika.

Vigezo

Kila njia tumeiuliza maswali manne yale yale. Kuiweka kunataka nini kwenye kila mfumo? Umeme ukikatika, au token za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zikiisha katikati ya kunakili, nini kinabaki? Ikigoma, inagoma wapi na inasema nini? Na inamfaa nani?

Kuhusu umeme, jambo moja husahaulika: laptopu mbili zenye betri hazisaidii kitu rauta ikizimika. MiFi, ile rauta ndogo ya mfukoni, ina betri yake, lakini rauta ya mezani inahitaji UPS ndogo ya DC (betri ya akiba). Soma lebo ya adapta kabla ya kununua, maana kuna za volti 9 na za volti 12, na ukikosea unaweza kuichoma.

Kwanza ondoa makosa yasiyo ya njia yoyote

Malalamiko mengi ya "Mac haiioni Windows" hayahusu Mac wala Windows. Anza na anwani ya IP, namba inayotambulisha kila mashine kwenye mtandao. Fungua dirisha la amri (Command Prompt au Terminal). Kwenye Windows andika `ipconfig`, kwenye Mac `ipconfig getifaddr en0`, kwenye Linux `hostname -I`. Moja ikiwa 192.168.1.12 na nyingine 192.168.1.20, ziko pamoja. Moja ikiwa 192.168.1.12 na nyingine 172.20.10.3, hiyo ya pili imejishikiza kwenye hotspot ya iPhone ya mtu na hazitaonana kamwe. Zikiwa 192.168.0.x na 192.168.1.x, huenda kuna rauta mbili, moja nyuma ya nyingine. Unganisha mashine zote kwenye moja, au ile ya pili iweke katika hali ya kituo cha Wi-Fi tu. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake mashine haikupewa anwani na rauta, ikajipa yenyewe.

Pili, utengano wa vifaa. Rauta nyingi zina mpangilio uitwao "AP Isolation" au "Client Isolation", na mtandao wa wageni huwa nao bila kuuliza. Kila kifaa kinapata intaneti lakini hakuna kinachomwona jirani yake. Uzime kwenye ukurasa wa rauta; kwenye MiFi nyingine hakuna pa kuuzimia kabisa, na hilo tutalirudia mwishoni.

Tatu ni VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, VPN imekuwa kitu cha kawaida kwenye kompyuta za hapa, na watu huiacha ikiwaka mchana kutwa. VPN nyingi hukata mtandao wa ndani pia. Izime ujaribu tena, au tafuta ndani yake ruhusa ya "LAN", yaani mtandao wa ndani.

Sasa pima poti, yaani namba ya mlango ambao kila huduma husikiliza kwenye mashine. SMB hutumia 445, SSH 22, Syncthing 22000, LocalSend 53317. Kwenye Mac au Linux (192.168.1.20 ni mfano wa anwani ya mashine ya pili):

`nc -zv 192.168.1.20 445`

Kwenye PowerShell ya Windows:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`

Tazama jibu la `nc` kwa makini, kwa sababu namna ya kukataa ndiyo habari yenyewe. Likirudi papo hapo na "refused", umefika kwenye mashine sahihi ila huduma haijawashwa. Likining'inia sekunde nyingi bila neno, kuna ngome (firewall) inayomeza pakiti, au ule utengano wa rauta. Tahadhari moja: ngome ya Windows kwa kawaida hunyamaza hata kama huduma haipo, kwa hiyo ukimya wa Windows haukuambii ni kipi kati ya viwili. Usitegemee `ping` peke yake pia. Windows ikiuona mtandao kama wa hadharani haijibu ping, na mtu anahitimisha kwamba waya umekatika.

La mwisho kwa wote: ingia kwenye rauta uifungie kila mashine anwani yake kwa kutumia anwani yake ya MAC (namba ya kadi ya mtandao, si kompyuta ya Mac). Kwenye Mac yenye macOS Sequoia na kuendelea, hakikisha anwani binafsi ya Wi-Fi ya mtandao huo ni "Fixed" au "Off", la sivyo inaweza kubadilika na rauta isiitambue.

Folda ya pamoja (SMB)

Hii ndiyo njia ambayo mifumo yote mitatu imekuja nayo au inaipata kwa amri moja. Folda inakaa kwenye mashine moja, wengine wanaifungua kama diski yao na kuhariri humo humo.

*Kuiweka.* Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi uliyounganishwa nayo na uchague "Private network". Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Sharing, Advanced Sharing. Hapa ndipo wengi hupotea: kuna ruhusa za tabaka mbili. Kuna "Permissions" za kushirikisha, ambazo kwa kawaida humpa kila mtu kusoma tu, na kuna kichupo cha "Security" cha diski yenyewe. Kinachotumika ni kile kinachobana zaidi, kwa hiyo rekebisha vyote viwili.

Kwenye Linux sakinisha Samba, programu inayotoa huduma ya SMB, kwa `sudo apt install samba`, tengeneza folda nje ya nyumba ya mtumiaji, kisha ongeza mwishoni mwa `/etc/samba/smb.conf`:

```
[kazi]
path = /srv/kazi
valid users = amina
read only = no
```

Mpe Amina, mtumiaji wa mfano wetu, folda kwa `sudo chown amina /srv/kazi`, mpe nenosiri la Samba kwa `sudo smbpasswd -a amina`, kagua kwa `testparm`, anzisha upya kwa `sudo systemctl restart smbd`. Kama ngome ya ufw inafanya kazi, `sudo ufw allow samba`. Folda tumeiweka `/srv` kwa makusudi: tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya kila mtumiaji imefungwa kwa wengine, na folda ya wageni iliyomo ndani yake hukataa hata mipangilio ikiwa sahihi kabisa.

Kwenye Mac ni System Settings, General, Sharing, File Sharing. Bonyeza alama ya "i", kisha Options, na uweke tiki kwenye jina la akaunti chini ya sehemu ya Windows. Tiki hiyo ikikosekana, mtumiaji wa Windows ataombwa nenosiri milele.

*Umeme ukikatika.* Dhaifu. Faili iliyokuwa njiani hubaki kipande au hupotea, na unaanza upya. Hati iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka folda ya pamoja inaweza kuharibika.

*Ikigoma.* Msimbo 0x80070035 ni wa njia: anwani, ngome au jina. Acha jina, jaribu anwani: `\\192.168.1.20\kazi` kwenye Windows, `smb://192.168.1.20/kazi` kwenye Mac baada ya Command-K. Ikifunguka, hakuna kilichoharibika. Mashine ya Samba haijitangazi kwa namna ambayo Windows husikiliza, ndiyo maana haionekani kwenye orodha ya "Network". Kifurushi cha `wsdd` kinatibu hilo, lakini njia ya mkato kwenye desktopu inatosha.

Nenosiri likikataliwa, swali la kwanza ni: uliandika PIN? Windows inakufungulia kwa PIN ya tarakimu nne, lakini kwenye mtandao inataka nenosiri lenyewe la akaunti, na akaunti isiyo na nenosiri haikubaliki. Anayeingia kwa akaunti ya Microsoft aandike barua pepe yake kama jina. Dawa isiyo na usumbufu ni kutengeneza mtumiaji wa kazi hiyo tu, katika dirisha la amri la msimamizi: `net user mtandao * /add`, halafu umpe ruhusa kwenye yale matabaka mawili.

Kuna mengine mawili. Kosa la 1219 linasema tayari umeunganishwa kwa jina jingine; `net use * /delete` inasafisha. Na Windows 11 toleo 24H2 ya Pro inadai saini kwenye kila muunganisho wa SMB, hivyo folda za "mgeni" zilizofanya kazi miaka yote zinakatika ghafla baada ya sasisho. Usizime ulinzi huo; weka jina na nenosiri. Fotokopi kuukuu zinazotuma skani kwa SMB1, toleo la kwanza la SMB, nazo zimeachwa nje: Windows 10 iliacha kuisakinisha tangu toleo 1709 la mwaka 2017.

*Inamfaa nani.* Nyumba au ofisi yenye mashine moja inayowaka muda wote, na watu wanaotaka faili ziwe mahali pamoja bila kujifunza programu mpya.

SFTP kupitia SSH

*Kuiweka.* Linux: `sudo apt install openssh-server`. Mac: washa "Remote Login" kwenye Sharing. Windows: ongeza "OpenSSH Server" kwenye Optional features, kisha kwenye PowerShell ya msimamizi `Start-Service sshd` na `Set-Service sshd -StartupType Automatic`. Windows huipakua kipengele hicho kutoka intaneti, kwa hiyo fanya bando likiwepo. Huduma inatosha kuwa upande mmoja. Upande wa pili unatumia WinSCP au FileZilla. Kwenye Linux andika `sftp://amina@192.168.1.20` kwenye programu ya mafaili. Finder ya Mac haijui SFTP, hivyo Mac inahitaji FileZilla au amri.

*Umeme ukikatika.* Hapa inaishinda SMB waziwazi. FileZilla inaweza kuendelea pale ilipokomea, na kati ya Mac na Linux amri ya kunakili `rsync -avP` ikirudiwa inaruka faili zilizokwisha fika na kuokoa kilichofika cha ile iliyokatika. Kwa folda ya GB 60 kwenye mtaa ambao umeme unakonyeza, hilo ni tofauti ya saa nzima au zaidi.

*Ikigoma.* SSH ina fadhila moja, husema wazi. "Connection refused" ni huduma imezimwa. "Permission denied" ni jina au nenosiri. Onyo refu la "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED" linatisha, lakini nyumbani mara nyingi ni mashine iliyosakinishwa upya, au rauta imempa mwingine anwani ile. Ukishathibitisha hivyo, `ssh-keygen -R 192.168.1.20` inafuta kumbukumbu ya zamani. Kwenye Mac, ukiingia vizuri halafu Desktop na Documents zikajibu "Operation not permitted", rudi kwenye Remote Login na uruhusu "full disk access" kwa watumiaji wa mbali.

*Inamfaa nani.* Anayevumilia kuandika amri, mwenye faili kubwa, na anayetaka kila kitu kisimbwe njiani. Kwa mzazi anayetaka kufungua picha tu, ni mateso.

Syncthing

Hapa hakuna mashine kuu. Kila kompyuta ina nakala yake kamili, na zikikutana kwenye mtandao zinasawazishana zenyewe.

*Kuiweka.* Sakinisha kila mahali, fungua `127.0.0.1:8384` kwenye kivinjari, badilishaneni vitambulisho vya vifaa (Device ID), na kila upande ukubali. Nusu saa kwa mashine tatu. Kwa simu za Android, programu rasmi ilisitishwa Desemba 2024, na wengi wamehamia Syncthing-Fork.

*Umeme ukikatika.* Nguvu yake iko hapa. Faili hukatwa vipande, na umeme ukirudi vinavyokosekana tu ndivyo vinavyotumwa, hakuna wa kubonyeza chochote. Ila mashine mbili lazima ziwake kwa wakati mmoja angalau kidogo. Kama baba anazima laptopu saa mbili usiku na binti anawasha saa tatu, hakuna kitakachopita mpaka iwepo ya tatu inayokaa macho.

*Ikigoma.* Kosa lake baya zaidi ni la kimya. Ngome ikifunga poti 22000, Syncthing haitoi kelele. Inatafuta njia ya nje kupitia seva za kupokezana, na mashine mbili zilizo chumba kimoja zinaanza kutumiana faili kwa kuzunguka dunia. Unaligundua bando likiisha. Tazama aina ya muunganisho kwenye ukurasa wake: inatakiwa isomeke "LAN". Ikisomeka "Relay", rekebisha ngome. Kama hutaki isawazishe nje ya nyumba kamwe, zima "Relaying" na "Global Discovery" kwenye Settings, Connections.

Majina ya faili nayo ni mtego wa mifumo tofauti. Linux inakubali "Mkutano 10:30.mp3"; Windows inakataa alama ya nukta mbili, na faili hiyo itabaki haijasawazishwa daima. (SMB ina tabia yake hapa: Samba huionyesha Windows jina lililopondwapondwa, faili ileile.) "Ripoti.docx" na "ripoti.docx" ni faili mbili kwa Linux, moja kwa Windows, na moja kwa Mac nyingi. Wawili wakihariri hati moja kabla ya kukutana, inazaliwa nakala yenye "sync-conflict" katika jina. Zilinganishe kwa mkono. Na anayefuta kwake amefuta kwa wote, kwa hiyo washa "File Versioning" tangu siku ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Watu wenye saa tofauti na umeme usiotabirika, wanaohitaji folda ileile kwenye kila mashine, na wenye nafasi ya diski kwa nakala kamili.

LocalSend

*Kuiweka.* Isakinishe, ifungue pande zote mbili, chagua faili, gusa jina la kifaa. Dakika tano, simu zikiwemo, Android na iPhone.

*Umeme ukikatika.* Anza upya.

*Ikigoma.* Karibu daima ni kifaa kutoonekana. Kama mtu alibonyeza "Cancel" Windows ilipouliza kuhusu ngome mara ya kwanza, kizuizi kimebaki. Kitoe kwenye "Allow an app through Windows Firewall". Kwenye macOS Sequoia angalia Privacy & Security, Local Network, uone kama programu imeruhusiwa. Vyote vikiwa sawa, rudi kwenye utengano wa rauta.

*Inamfaa nani.* Kutuma kitu mara moja. Si mahali pa kuhifadhi, na hakuna atakayepokea kama hayupo karibu na mashine yake.

Kulingana na hali yako

Studio ya usanifu kama zilizojaa Nasser Road, msanifu yuko kwenye Mac na printa imefungwa kwenye Windows: SMB, folda ikae kwenye Windows ya printa kwa kuwa ndiyo isiyozimwa. Nakili faili kwenye Mac kwanza, hariri huko, irudishe ikiwa tayari. Faili ndogo zinazoanza na `._` zitakazoonekana upande wa Windows zinatoka kwa Mac, hazina virusi.

Familia yenye mwanafunzi wa chuo anayeondoka na laptopu yake Jumatatu na kurudi Ijumaa: Syncthing, na kompyuta kuukuu ya Linux ikae pembeni ya rauta kama ile inayokaa macho. Mashine hiyohiyo inaweza kubeba Samba kwa wageni wa kawaida. Njia mbili hazigombani.

Unahamisha kila kitu kutoka laptopu ya zamani kwenda mpya, mara moja tu: SFTP au `rsync`, kwa waya.

Picha za harusi kutoka simu tano za mashangazi: LocalSend, bila kumfundisha mtu yeyote kitu.

MiFi inayotenganisha vifaa na haina pa kuzimia: hakuna njia kati ya hizi nne itakayopita hapo moja kwa moja; Syncthing itazunguka nje na kula bando. Flashi iliyoumbizwa exFAT inasomeka na kuandikika kwenye mifumo yote mitatu, na haina kikomo cha GB 4 kwa faili ambacho FAT32 inacho. Au chomeka waya wa mtandao moja kwa moja kati ya kompyuta mbili. Waya wa kawaida unatosha, MacBook nyingi zitahitaji adapta ya USB-C, na kwenye Linux chagua "Link-Local Only" katika IPv4. Zote mbili zitajipa anwani za 169.254, na mara hii hilo si kosa: chukua anwani hiyo, iweke kwenye `smb://` au `\\`, folda itafunguka.